Nani Anafukia Nyuma Yako?

Vigelegele nilivisikia nikiwa bado chini ya mlima, na papo hapo nikajua kuna mtu kaniwahi.

Nilikuwa na kapu la usipa kichwani, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, niliowaanika mwenyewe juu ya chanja kule Lituhi. Begani nilikuwa na jembe jipya. Gari letu lilinasa kwenye tope tangu asubuhi, abiria wote tukashuka kusukuma, na sketi yangu ikala matope mpaka kiunoni. Sikujali. Siku hiyo ningefika Mapera, kijijini kwao Fabiano, hata kwa kutambaa. Fabiano, mpenzi wangu anayesoma chuo, alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya chini inayonimaliza, "Vale, njoo na jembe. Watu wa chuo wanakuja kuangalia mradi wetu na ukoo wote utakuwepo. Nataka ufukie nyuma yangu."

Kama wewe si mtu wa huku, hutaona uzito wa maneno hayo. Ngoja nikueleze, maana usipoelewa utaniona kichaa, na mimi si kichaa, nina wivu tu.

Wamatengo, watu wa milima hii ya kina Fabiano, wanalima kwenye miteremko, na ili mvua isiuburute udongo wote mpaka mtoni, wanachimba ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi, kisha anazipanga chini kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima linakuwa miraba mitupu. Nyuma yake anakuja mwanamke na jembe. Anachimbua udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Katikati panabaki shimo la kushika maji, pembeni panabaki tuta la kupandia maharage, na nyasi zikioza chini zinakuwa mbolea. Sasa, kufukia nyuma ya mwanamume si kazi ya kila mpita njia. Anayefukia ni mke. Asiye na mke anafukiwa na mama yake au dada yake. Na kijana akileta msichana siku ya ngokela, ile siku ukoo unapolima pamoja, msichana akafukia nyuma yake mbele ya watu, shangazi anapiga vigelegele na mambo yamekwisha. Padri atakuja kumalizia tu.

Tena ukoo wa Fabiano wana la kwao. Mwanamume anayepanga nyasi hageuki nyuma. Akigeuka, wanasema, anamsimamia mkewe kama kibarua.

Basi nilipofika ukingoni mwa shamba nilisimama. Fabiano alikuwa katikati ya mteremko, amenipa mgongo, shati limeganda kwa jasho, anapanga nyasi mbio mbio kama mtu aliyeitwa kwenye neema. Na nyuma yake, kwa suruali ya jinzi na buti za mvua za njano, nywele zimesukwa juu kama anakwenda harusini, alikuwa anafukia Otilia.

Otilia! Sikuwahi kukutana naye, lakini uso wake niliujua kuliko wangu. Chuo chao kina mpango wa kuwafundisha wanafunzi kuanzisha biashara zinazowainua watu bila kuiharibu ardhi. Wenyewe wanauita ujasiriamali jamii. Kikundi cha Fabiano kilibuni kuuza mjini maharage ya ngoro, na faida irudi kwa wanawake wanaoyalima. Kila mfuko ungeandikwa jina la mwanamke aliyefukia tuta lile, ili mnunuzi ajue anamshukuru nani. Wazo zuri, nami nililipenda, mpaka nilipojua mwenzake kwenye kikundi ni nani. Tangu hapo kila nikifungua simu, Otilia. Otilia kashika maharage. Otilia kwenye ukumbi wa chuo. Otilia na Fabiano wanazungumza kwenye kipaza sauti kimoja, vichwa vimegusana. Nikamuuliza Fabiano, chuo kizima kina kipaza sauti kimoja?

Na kulikuwa na kubwa zaidi. Mradi ukipita, wangepelekwa mwaka mzima kwenye kituo cha kulelea biashara changa, kile wanachokiita kituo atamizi.

"Kuatamia ni kazi ya kuku," nilimwambia siku aliponipa habari hizo. "Wewe na huyo dada mnakwenda kuatamia nini mwaka mzima?"

Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Sasa nilikuwa nimesimama na matope yangu, nikimtazama kuku mwenzake akiatamia. Mwalimu wao, Dokta Tobias, alikuwa anapiga picha kwa simu na kuhimiza, "Safi! Hapo hapo, inua jembe kidogo!" Shangazi Kunigunda, dada wa marehemu baba yake Fabiano, ndiye aliyekuwa anapiga vigelegele. Aliponiona, kigelegele kilimkatikia mdomoni. Pembeni yake alisimama Mama Fabiano, mikono kifuani, uso umetulia.

Nikatua kapu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefika. Huo usipa upeleke jikoni, wageni wana njaa."

"Mama, nani kampa yule dada jembe?"

"Jembe ni langu. Nimempa mimi."

"Na unajua maana yake?"

"Valeria, mimi nimezaliwa kwenye mlima huu." Akashusha sauti ili wageni wasisikie. "Sina ugomvi na wewe. Wewe ni mtoto mwenye adabu. Lakini ninyi watu wa ziwani mmezoea kutega wavu na kwenda kulala, asubuhi mnakuta samaki. Huku mlimani hakuna kinachojileta. Yule msichana amesoma na mwanangu, wanaelewana. Na leo amewahi."

Amewahi! Wahenga walishasema chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na mimi nilikuwa nimemkuta mwana anafukiwa na buti za njano. Mwezi wa sita maharage yakikomaa, mifuko ya Fabiano ingetoka imeandikwa Otilia, ikasambaa mpaka Dodoma na Dar es Salaam, kila mama jikoni kwake anasoma jina la mwanamke wa mume wangu. Nikaona bora nife na aibu kuliko kufa na kinyongo. Nikachukua jembe langu nikashuka.

Otilia aliniona nikija akatabasamu, na meno yake, potelea mbali, yalikuwa mazuri kuliko kwenye picha. "Karibu, dada," akanong'ona. "Wewe si ndiye yule Vale wa usipa?"

Vale wa usipa.

Nilikwenda kwenye tuta lake la kwanza nikapiga jembe, nikafukua. Udongo ukaruka. Nikafukua la pili. Nyasi alizozipanga Fabiano zikatoka nje zimelowa, zimepondeka. Nikaendelea huku machozi yananichuruzika na kamasi juu yake, sikufuta.

"Yesu na Maria!" akapiga ukelele Shangazi Kunigunda.

Kufukua ngoro iliyofukiwa ni kumwaga chakula kilichokwisha kupakuliwa. Wanaume waliacha kufyeka. Dokta Tobias akashusha simu. Hapo ndipo Fabiano alipogeuka, yeye ambaye hatakiwi kugeuka. Alinitazama mimi, akamtazama Otilia, akatazama jembe la mama yake mikononi mwa Otilia. Rangi ikamtoka.

"Vale?" akasema. "Kumbe... kumbe hukuwa wewe?"

"Usinichezee akili, Fabiano!"

Akanishika mkono akanivuta mpaka kwenye mibuni, mahali watu wangetuona bila kutusikia. Nilitaka kuuchomoa mkono wangu. Wake ulikuwa wa moto na umejaa vipande vya nyasi, nikashindwa.

"Nisikilize," alisema. "Nilisikia jembe nyuma yangu. Halafu nikamsikia shangazi anapiga vigelegele. Nikajua umefika. Ningejuaje kama ni mwingine?"

"Ungegeuka!"

"Kwetu hatugeuki, unajua."

"Mbona sasa umegeuka? Mila gani hii inayomfanya mtu asijue aliye nyuma yake? Akija fisi na jembe si atafukia tu, na shangazi atapiga vigelegele!"

Midomo ikamcheza, akajizuia. Angecheka ningempiga na jembe.

"Nilikuwa napanga nyasi huku nimefurahi kama zuzu," akasema taratibu. "Muulize yeyote."

"Na mwaka huo wa kwenda kuatamia, mnaondoka lini?"

"Mimi siendi."

"Nini?"

"Nimeshamwambia Dokta. Otilia ataenda, yeye ndiye anayejua kuuza. Mimi nabaki hapa na kina mama. Biashara ya ngoro isiyokuwa na mtu mlimani ni maneno ya ukumbini tu."

"Umemwambia Dokta. Mimi je? Mimi hukuona haja ya kuniambia?"

"Nilitaka nikuambie leo. Ukimaliza kufukia."

Nilitamani kumwamini, jamani. Nilitamani mpaka kifua kikauma. Lakini wivu ukishakaa kwenye kiti haunyanyuki kwa kuambiwa nyanyuka.

"Otilia naye anajua kwamba huendi?"

Akaangalia mibuni. "Anajua."

"Alisemaje?"

"Alilia kidogo."

"Alilia! Analilia nini, maharage?"

"Vale..."

"Niambie! Mwanamke mzima, msomi, anamlilia mwenzake wa kikundi?"

Hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu Otilia mwenyewe alikuwa anapanda kuja kwetu, buti zinateleza, jembe analiburuta. Uso ulikuwa umemwiva kwa aibu. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa mbwa wa watu.

"Dada Valeria, naomba unisamehe," akasema. "Nilipewa jembe nikaambiwa nifukie, picha ipigwe. Sisi wa Songea mjini jembe tunaliona dukani. Sikujua maana yake."

"Ungejua ungekataa?"

Lilikuwa swali la ugomvi, sikutegemea jibu. Nilitegemea "ningekataa, dada," nimwone mnafiki, nimchukie kwa raha zangu. Hakusema hivyo. Alitazama viganja vyake, vilikuwa vimeshatoka malengelenge.

"Sijui," akasema. "Nisikudanganye. Sijui."

Fabiano akataka kusema neno, nikamnyamazisha kwa jicho.

"Ila kitu kimoja nakijua," Otilia akaendelea. "Muda wote ule alikuwa anaongea na mimi. Hageuki, anapanga nyasi na kuongea. Ananiita Vale. Mwanzo nilitaka kumwambia, kaka, mimi si Vale. Halafu nikanyamaza. Nikafukia tu, nikamwacha aniite."

Upepo ulipita kwenye mibuni. Nikasikia kuku wa jirani huko chini. Nilitafuta ile hasira yangu, nikaikuta ipo, lakini imekaa upande, haijui imshike nani.

"Alikuwa anasema nini?" nikauliza.

"Muulize mwenyewe. Hayakuwa yangu yale." Akanikabidhi jembe la Mama Fabiano, akaguna kama anayetaka kucheka. "Siku zote kwenye kikundi nasema huyu kaka hana maneno matamu, anaongea kama ripoti. Kumbe anayo. Anamwekea mtu."

Akashuka zake bila kuangalia nyuma. Nikamwonea huruma, na bado nikafurahi kwamba alikuwa anashuka. Vyote viwili vilikuwemo, nisijisafishe.

Nikamgeukia Fabiano. Masikio yalikuwa yamemwiva mpaka nchani.

"Ulisema nini?"

"Mengi," akajibu kwa shida.

Kabla sijamkaba, sauti ya Mama Fabiano ilipanda kutoka shambani. "Valeria! Njoo hapa!"

Tukarudi shambani wote wawili. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni, hakuna aliyefanya kazi. Mama Fabiano alisimama juu ya matuta niliyoyabomoa, na sasa uso haukuwa umetulia tena.

"Umeniaibisha mbele ya wageni," akasema. "Umenimwagia shamba. Sitaki maneno. Hapa kwetu aliyefukua, afukie."

Nikaelewa anachotaka. Alitaka ukoo mzima uone mikono ya ziwani inavyoshindwa. Na kusema kweli ilikuwa inashindwa hata kabla haijaanza, maana mimi ngoro niliijua kwa macho tu. Kwetu tunajua kuvuta wavu na kupanga usipa kwenye chanja. Nikamtazama Fabiano. Alikwenda mbele, akainama, akaanza kuzipanga upya zile nyasi nilizozitibua, mgongo wake kwangu.

Nikapiga jembe.

Tuta la kwanza lilitoka kama tumbo la ng'ombe. Watoto wakacheka, mama zao wakawafinya. La pili likawa baya zaidi, upande mmoja mlima, upande wa pili nyasi uchi. Jasho likaniingia machoni. Nikasikia Dokta Tobias anamnong'oneza mtu, "Na huyu naye ni mwanakikundi?" Nikaanza la tatu, nikautupa udongo kwa nguvu zangu zote, nusu yake ikapita tuta ikaenda kwenye shimo la jirani.

"Si hivyo!" Mama Fabiano akalipuka.

Nikasimama.

"Unatupa udongo kama unatupa wavu! Utaharibu mteremko wote. Udongo unavutwa, hautupwi." Akavua kandambili, akaingia shambani, akasimama nyuma yangu na kunishika mikono yote miwili juu ya mpini. Mikono yake ilikuwa migumu, ilikwaruza. "Inama. Zaidi. Vuta taratibu, uulaze juu ya nyasi. Hivyo. Sasa gonga kidogo kwa bapa. Ona. Unafunika, hufukii maiti."

Tukavuta pamoja. Tuta likakaa.

"Tena," akasema.

Tukavuta tena. Alinuka moshi na majani ya kahawa, na nikasikia anahema sikioni mwangu kwa hasira ya mtu anayependa kitu chake kiende sawa.

Shangazi Kunigunda akakohoa kule ukingoni. "Wifi, kumbe unamfundisha?"

"Simfundishi! Siwezi kuacha tuta bovu kwenye shamba langu."

"Haya. Mimi kufukia sawasawa nilifundishwa na mama mkwe wangu. Wewe ulifundishwa na nani?"

Mikono ya Mama Fabiano ilitulia juu ya yangu. Nilikuwa nimeinama, siuoni uso wake, nikaona tu vidole vyake vya miguu vimezama kwenye udongo karibu na vyangu.

"Na mimi hivyo hivyo," akasema mwishowe.

Kisha akaniachia mpini. "Siku nyingine uwahi."

"Siku nyingine nitalala hapa hapa, mama."

"Hutalala hapa mpaka padri aseme," akanikatiza, na watu wakaangua kicheko, na mimi nikajua, kabla hata hajatamka zaidi, kwamba mlango umefunguka.

Ndipo Fabiano, bila kuinua kichwa, bila kugeuka, akauliza kwa sauti ya kusikika shamba zima, "Nani yuko nyuma yangu?"

"Geuka uone!"

"Sigeuki. Safari hii nauliza."

Nikamwona Otilia ukingoni, amekaa juu ya jiwe, anavua buti. Aliinua macho tukatazamana. Nikapaza sauti, na ilimfikia yeye, na Dokta, na mlima wa pili.

"Ni mimi, Valeria, binti wa Jastini wa Lituhi! Na mwingine yeyote akija kusimama hapa, nitamfukia pamoja na nyasi!"

"Kunigunda, unangoja nini?" akafoka Mama Fabiano, lakini hakumngoja. Alipiga kigelegele mwenyewe, kirefu, na wengine wakadaka.

Dokta Tobias akainua simu kwa wasiwasi. "Samahani, mama, hii nayo nipige picha?"

"Hii ndiyo upige," Mama Fabiano akamjibu. "Ile ya kwanza ifute."

Otilia akacheka, akajifuta jicho kwa mkono wenye udongo. Sikumfuata. Labda siku moja nitamfuata nimpe usipa wa kwenda nao mjini. Siku hiyo bado.

Watu wakarudi kazini, mafyekeo yakaanza kulia upya. Nikamsogelea Fabiano mpaka kivuli changu kikamgusa mgongo.

"Yale maneno uliyomwambia aliyekuwa nyuma yako," nikamwambia polepole, "yalikuwa yangu?"

"Yote."

"Basi yarudie. Yote. Usiruke hata moja."

"Sasa hivi? Mbele ya mama?"

"Sasa hivi."

Masikio yakamwiva tena. Akachukua fungu la nyasi, akalilaza chini, akakohoa, akaanza tangu mwanzo. Nami nikafukia taratibu, ili mstari usiishe upesi.